Mganga Niliyemwongeza Kwenye Matanga

Jumatano, Arua. Joto zito la kabla ya mvua. Niliamka na hasira, nimekwenda Koboko na kurudi, na bado ninayo.

Wiki iliyopita mtu aliusoma mswada wangu wa filamu kwenye tovuti ninakouuza. Anautaka. Ni mtayarishaji wa filamu, yuko mbali, barua pepe zake zina adabu. Ana sharti moja: matanga yabadilike, pale wanawake wanapomchezea marehemu ngoma. Anasema watazamaji hawataelewa watu wanaocheza kando ya kaburi. Walie tu. Na mganga aongezwe.

Nikamwongeza.

Nilifuta ngoma yote, nikaweka mganga mwenye manyoya na ukurasa mzima wa vilio. Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Matanga yale sikuyabuni. Ni ya Grace, binti wa shangazi yangu. Ndiyo maana leo nilikwenda Lobule, huko Koboko, kumsomea shangazi kabla ya kutia saini mkataba. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Nilipofika sehemu ya mganga, akacheka.

"Huyu iko mtu ya nani? Mimi sikumuita."

"Shangazi, mnunuzi ndiye anayemtaka."

"Basi aende azike watu ya kwao."

Kisha akaacha kucheka. "Na sisi iko wapi? Mimi nilicheza mpaka miguu ilivimba. Ile ndiyo nilimpa Grace. Kitu ingine sikuwa nayo."

Nina shahada, nami nikaanza kumsaidia kuchambua maharagwe.

Namkasirikia yule mtu kwa kuamua, akiwa huko aliko, jinsi tunavyopaswa kuomboleza. Lakini yeye hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nyuma ya shangazi, vumbi hadi magotini. Bado nikafuta.

Jioni hii nimerudisha ngoma na kumwandikia mnunuzi: wanacheza, la sivyo siuzi. Sikuweka hata salamu za mwisho.

Huenda akakataa. Mswada huu uko mtandaoni kwa miezi minane sasa, na ni yeye pekee aliyewahi kuuulizia. Asipojibu, je, nitakaa na uamuzi huu kama wangu, au nitaanza kumlaumu shangazi kimoyomoyo?