Baiskeli Isiyo na Kiti

Kawangware, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Baba mpendwa,

Habari ya huko nyumbani? Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza tena kupanda ngazi kukagua paa, nikajua mara moja kwamba hujapona, ni ukaidi tu. Mimi niko salama, nakula vizuri, na kile kikohozi kimeisha. Mvua imetunyeshea mpaka tumechoka nayo, lakini chumba changu hakivuji. Mama Shiro, mwenye ploti, ni mkali kwa kodi lakini paa lake ni zima.

Najua unajiuliza kwa nini niandike na simu iko. Baba, kwenye simu wewe hunisikilizi. Nikifika tu kwenye habari za breki unasema, "Haya, ongea na mama yako," nami nabaki na maneno mdomoni. Barua huwezi kumpokeza Mama kabla hujaimaliza. Kwa hivyo keti, chai iwe karibu, usome yote.

Kwanza, Wekesa ameniambia. Usimgombeze kaka yangu, mimi ndiye niliyembana. Kumbe kanisani ukiulizwa Nafula anafanya nini Nairobi, unasema niko ofisini. Ofisi gani, Baba? Ofisi yangu ni kibanda cha mabati pale Laini Saba, kando ya reli, na treni ikipita spana zinacheza ukutani. Nilikasirika, sikufichi. Nikasema, huyu mzee aliyetulea kwa kuziba pancha sokoni Chwele, leo anaona haya kwamba binti yake anaziba pancha? Halafu hasira ikashuka. Nikaona heri nikueleze ninachokifanya, kisha uamue mwenyewe.

Pancha bado naziba, ndiyo inayoninunulia mboga. Lakini kuna kijana wa Gatwekera anaitwa Oti, yeye anaendesha baiskeli ya kuruka. Si mbio. Anasimama juu ya pedali, anairusha baiskeli kutoka jiwe hadi jiwe, kutoka pipa hadi ukuta, na mguu wake haufai kugusa chini. Akigusa, anakatwa alama. Baiskeli yenyewe haina kiti. Naona unacheka! Haina kiti, haina keria, haina kengele, haibebi hata gorogoro ya mahindi. Mama Shiro alipoiona mara ya kwanza alinipa pole, akidhani kiti kimeibwa.

Baiskeli za namna hiyo hutoka ng'ambo, na Oti hana mtu ng'ambo. Akaja kwangu akaniambia, "Fundi, nijengee yangu. Kuna mashindano hapo uwanjani Kawangware na mimi lazima niingie." Mafundi wenzangu wa kando ya reli wakaangua kicheko. Mmoja akasema kitu cha Laini Saba kitamvunja huyo kijana shingo mbele ya watu, na mimi nianze kutafuta pa kukimbilia. Unanijua nilivyo. Nilikubali palepale, kabla hata sijajua nitaanzia wapi.

Tukaanza na fremu. Oti aliipenda moja ya aluminiamu, ya mitumba, nyepesi, rangi ya machungwa, hata mimi iliniingia. "Siste, hii iko fiti, tubebe twende," akasema. Nikamwambia ngoja. Nikaigonga kwa spana polepole kutoka nyuma kwenda mbele, sikio nimelileta karibu, vile ulivyokuwa ukifanya na watu wakikuona umerukwa na akili. Nyuma ililia vizuri. Mbele, chini ya stika, ikatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Nikabandua stika, na ufa ukawa hapo, mwembamba kama unywele. Oti alishika kichwa. "Aki hiyo ingenimaliza!" Tukachukua fremu ya chuma ya baiskeli ndogo, nzito kidogo lakini ya kweli. Jirani yangu wa kuchomelea akaifupisha nyuma ili gurudumu likae karibu na miguu ya mwendeshaji na baiskeli inyanyuke bila shida. Nilimsimamia mpaka akaniomba nikanywe chai nimwache apumue.

Breki ndizo zilizotugombanisha. Oti alitaka diski, mbele na nyuma, kwa sababu ndizo anazoziona kwenye simu. Nikamwambia diski nzuri hatuna, na hizi za rahisi zinacheza kidogo kabla hazijashika. Kwa mtu anayepeleka maziwa, huko kucheza si kitu. Kwa Oti aliyesimama ukingoni mwa jiwe na gurudumu moja, ni meno yake hayo. Isitoshe, ile sahani nyembamba ya diski ikigonga jiwe inapinda na hesabu imekwisha. Nikachagua breki za raba, zile zinazobana rimu, na waya mpya mnene. Halafu nikafanya jambo ambalo lingekufanya unizabe kofi: nikaazima grinda nikaikwaruza ile rimu mpya pande zote mpaka ikaparuza kama msasa. Najua, rimu ulitufundisha kuilinda kama yai. Lakini raba ikikutana na ile mikwaruzo, Baba, gurudumu linasimama kama limepigwa msumari. Oti alijaribu mara moja, akanitazama, hakusema diski tena.

Nikaileta baiskeli nyumbani, maana kibandani kwangu kufuli ni ya kudanganyia watu. Asubuhi ya mashindano nikaenda dukani kutafuta mkate, na niliporudi nikakuta inang'aa ukumbini, imefunikwa leso. Nikajua Mama Shiro ameipangusa. Nikamshukuru, nikaenda nayo uwanjani nikiringa.

Oti akapanda ajaribu. Akaruka juu ya pipa, akavuta breki, na gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyelishika. Akaanguka kiubavu. "Fundi! Breki imekufa! Unataka kuniua?" Nikaipitisha rimu kidole. Telezi tupu. Nikageuka, nikamwona Mama Shiro amefika na kitambaa cha kanisani kichwani, anatabasamu.

"Mama Shiro, hii baiskeli uliipaka nini?"

"Mafuta ya kujipaka, tena yale yangu mazuri! Ilikuwa imepauka, Nafula. Sasa itoke kwa ploti yangu hivyo, watu waseme nini? Hata mtoto haendi shule bila kupakwa."

Ningelia au ningecheka, Baba? Alikuwa ameipaka kila mahali kwa mapenzi, kuanzia usukani hadi rimu, na ile mikwaruzo yangu ya grinda ndiyo iliyoyaficha mafuta vizuri ndani. Washindani wa kwanza walikuwa wameshaanza kuitwa. Mbele yao kulikuwa na mawe, makalvati na kontena refu ambalo mtu angemaliza kwa kurukia chini. Nikamwambia Oti ajitoe, nitabeba aibu mimi. Akakataa. Akasema, "Wewe tengeneza, mimi nitaruka." Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Shingo ilikuwa yake, breki ilikuwa yangu.

Nikaomba petroli kwa mtu wa bodaboda, nikasugua rimu kwa kitambaa mpaka vidole vikaungua. Raba nikazichuna kwa msasa. Nikajaribu: inashika, lakini inateleza mwishoni. Haikunitosha. Na hapo, Baba, nikakuona wewe. Nikakuona kwenye mteremko ule wa kwetu wakati wa mvua, baiskeli imejaa ndizi, umeinama kando ya barabara unabandua kipande cha lami, unakipaka kwenye rimu ya nyuma, mimi nimeshika usukani nauliza kwa nini unachafua baiskeli. Ulinijibu, "Uchafu huu ndio utakaotufikisha chini." Nikatoka mbio. Ng'ambo ya uwanja fundi wa paa alikuwa anaziba matundu ya mabati kwa lami. Nikamwomba donge, hata sikumsalimia. Nikaipaka rimu kidogo kidogo, nikivuta breki kila mara, mpaka ikalia kwa sauti ya nguruwe na watu wakaziba masikio. Haikuteleza tena. Oti alipoisikia akacheka.

Sikuweza kutazama vizuri. Nilimwona akipita mawe, breki ikilia. Akipita makalvati, ikilia. Akapanda kontena. Akafika ukingoni, gurudumu la mbele likiwa hewani, akatulia pale juu ya lile la nyuma, na breki ikamshika. Haikusogea hata kidogo. Kisha akaruka, akatua kwa magurudumu yote, mguu haujagusa chini, na mimi nikajikuta nimemkumbatia Mama Shiro tukipiga mayowe. Alishika nafasi ya pili, nyuma ya kijana mwenye baiskeli ya ng'ambo. Ya pili, Baba, kwa chuma cha Laini Saba! Wale wa kando ya reli sasa wananisalimia kwa heshima mpaka nashuku.

Ndipo mtu wa kipaza sauti akaita, "Fundi wa hii mashine ako wapi? Buda, kuja hapa mbele!" Oti akamwambia si buda, ni siste. Nikaenda na mikono yangu myeusi. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikashika kipaza sauti, nikasema sikusomea mahali, nilifundishwa na baba yangu, fundi wa baiskeli wa soko la Chwele, na hiyo lami ni yake. Nikataja jina lako lote, na la babu. Watu wakapiga makofi, na mimi machozi yakanitoka bila kuniuliza. Wenye mashindano wameshaagiza nijengee vijana wao baiskeli nyingine. Mama Shiro naye anamwambia kila mtu ni mafuta yake yaliyoleta bahati, na nimemwachia.

Msalimie Mama, mwambie sweta imenikaa. Msalimie Kukhu, nyanya yetu, mwambie bado namwombea macho. Senge, dada yako, mwambie mume sijapata, nimepata grinda. Wekesa aache kuacha baiskeli yako nje kwenye mvua.

Nimekutilia picha ndani ya bahasha. Hiyo mikononi ni lami, si uchafu, na picha usiikunje. Jumapili nenda nayo kanisani. Mimi nimekutaja kwa kipaza sauti, Kawangware nzima ikasikia baba yangu ni fundi wa baiskeli. Wakikuuliza tena Nafula anafanya nini Nairobi, Baba, na wewe nitaje.

Binti yako,
Nafula, fundi wa baiskeli