Sadaka Niliyoigawa kwa Bakuli

Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika adhuhuri, na sasa alasiri imeshapita. Uwanja wote ni tope. Zamani mvua ikikatika hivi, kuku walitoka wakikimbizana na kumbikumbi. Leo kumbikumbi wameruka mpaka wamechoka wenyewe, hakuna wa kuwadonoa.

Sijaandika humu kwa wiki tatu. Daftari hili nilipewa kwenye kisomo cha watu wazima, kwa kuwa nilifika darasa la nne, nikaambiwa niwasaidie wenzangu kujua kuandika majina yao. Natakiwa niandike maendeleo ya wanafunzi. Naandika mambo yangu, na leo naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Mimi ndiye niliyeua kuku wa mstari mzima.

Haya, nimeshaandika. Mkono haukukatika.

Nianze walipokuwa hai. Nilikuwa na kuku kumi na mmoja: makoo sita, mitetea wanne, na jogoo wa kuchi, mrefu, mwenye dharau, niliyempata kwa mtu wa Kitomanga kwa kumwachia mitetea wawili. Watu walinicheka kwamba nimetoa wawili nikachukua mmoja. Walipoona watoto wa jogoo yule wanavyokua wakaanza kuja kuomba mayai ya kulalisha. Nami nilikuwa nachagua. Koo anayetaga vijiyai vidogo simwekei mayai, vyake tunakula. Anayetulia kwenye kiota bila kutokatoka, huyo ndiye namjalizia mayai ya wenzake. Vifaranga wakitoka nawafunika kwa tenga, nawaokotea mchwa, mpaka wajue kumkimbia mwewe. Sikuwa na lingine duniani la kujivunia, acha nijivunie hilo.

Na wote walikuwa wa Zuhura. Zuhura ni mwanangu wa pekee, ameolewa Lindi mjini, na mimba yake ya kwanza alitakiwa aje kujifungulia kwangu. Mzazi kwetu anakunywa supu ya kuku kwa siku arobaini, yenye pilipili manga mpaka jasho limtoke. Nilishapiga hesabu yangu: kuku mmoja kwa kila siku nne, katikati mayai, na jogoo abaki kuendeleza kizazi.

Halafu serikali ikatuhamisha, tukae pamoja kijijini. Kule tulikotoka kila mtu alikaa ndani ya mikorosho yake. Ukitaka kumwona jirani, unabeba na maji ya kunywa njiani. Hapa, karibu na Nangurukuru, tumepangwa mistari kando ya barabara, mlango wangu na wa jirani ni hatua nane, nimezipima. Lori lilipokuja kutuchukua, nilipandisha kuku kwanza, masufuria baadaye. Koo mmoja alikuwa anaatamia, nikamkumbatia na chungu chake chenye mayai mpaka tukafika. Alitotoa tisa. Watu wa mstari wetu walinijua kwa hilo kabla hawajajua jina langu.

Tulikuwa wageni sote, tumetoka huku na huku, na wageni wanaangaliana. Nani mchoyo, nani ana maneno, nani usimkopeshe kinu. Kila mtu alitaka aonekane mwema. Mimi nilitaka kuliko wote, maana sina mume wa kunisemea. Baba Zuhura alishafariki, Mungu amrehemu.

Basi asubuhi moja nafungua banda, naona makoo wawili wamezubaa, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. Jogoo anakoroma. Nilijua ni ugonjwa, ingawa sikujua jina lake.

Kwetu kuku akianza kuzubaa unawahi kumchinja, kabla hajafa akawa nyamafu. Ndivyo alivyofanya mama yangu, na mama yake. Unachinja, unapeleka bakuli kwa jirani, maana nyama ni nyingi kwa siku moja. Kule mikoroshoni haikumdhuru mtu. Jirani alikuwa mbali, na ugonjwa ulikuwa unachoka njiani.

Sikufikiri juu ya hatua nane.

Lakini nilifikiri juu ya aibu, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Nilijua nikisema kuku wanaumwa, yule mama mwenye mkono wa kufuga kuku atakuwa mama mwenye mkosi, mwezi wa tatu tu tangu tufike. Nikawafunga miguu, wale wawili na watatu wengine, maana kuku aliyefungwa miguu huwezi kumwona kama amezubaa, nikampelekea balozi wetu wa nyumba kumi anichinjie. Akauliza kuna nini. Nikamwambia namtolea sadaka marehemu mume wangu.

Ulimi ukateleza tu hivyo. Hata sikuupanga.

Balozi akafurahi, akachinja watano. Nikagawa bakuli nyumba zote za mstari, na vichwa na miguu na utumbo kwa ajili ya watoto. Wanawake waliosha nyama milangoni mwao, wakamwaga maji uwanjani, na kuku wao wakayakimbilia kuyanywa. Niliona. Nilisimama hapa hapa nikiona, na nilikuwa nimefurahi. Jioni ile watu walimsomea Baba Zuhura Fatiha, mzee mmoja akalia kwa jinsi nilivyomkumbuka mume wangu.

Kesho yake wangu waliobaki walikufa wote, na jogoo. Niliwafukia nyuma ya choo kabla watu hawajaamka, na nikasema wameibwa. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Siku ya sita kuku wa jirani wa kushoto wakaanza kupinda shingo. Kisha wa kulia. Ndani ya siku chache mstari mzima ukawa kimya. Hujui jinsi kuku wanavyojaza asubuhi mpaka uamke siku ambayo hakuna anayewika. Watoto walikuwa wanawabeba kwa miguu kwenda kuwatupa, na mama zao wanawapigia kelele, na mimi nilikuwa nawapa pole. Nilitoa pole nyumba kwa nyumba.

Nyumba moja haikupoteza hata kifaranga, ya Bi Somoe.

Bi Somoe ni mtu mzima, ametokea upande wa Kipatimu, anaishi peke yake mwisho wa mstari. Ana jogoo mmoja na mitetea wawili. Siku mbili kabla ya sadaka yangu aliletewa habari kwamba kaka yake amefariki, akaenda msibani, na kuku wake akawabeba ndani ya tenga kichwani. Tulimcheka. Alikuwa bado hamjui mtu hapa wa kumwachia, hapakuwa na zaidi ya hilo. Alikaa kule siku kumi na moja. Aliporudi, wetu wamekwisha, wake wanawika.

Hakuna aliyelitamka neno uchawi. Watu walisema tu kwamba ana jambo. Kwa nini aliwatoa kuku wake mapema? Nani anakwenda kuzika na kuku? Kisimani wakaanza kumwachia nafasi, amalize kuchota peke yake. Halafu wadogo wakaacha kumwamkia. Mtu mzima kama yule anapita, na hakuna wa kumwambia shikamoo.

Zuhura akaja, na Jumatatu alijifungua salama hapa kwangu, mtoto wa kike. Nilimshukuru Mungu, nikampikia mwanangu uji na mchuzi wa samaki changu. Amekonda. Maziwa yanatoka kwa shida. Ameniuliza kuku wako wapi, nikamwambia waliibwa, na yeye ndiye akanipa pole.

Jumanne alikuja bwana mifugo na baiskeli yake. Tukakusanywa. Akasema ni kideri, kinatembea kwa maji, kwa manyoya, kwa matumbo yaliyotupwa, hata kwa mikono iliyomshika kuku mgonjwa, na kuku akichinjwa mgonjwa afukiwe vitu vyake chini sana. Akauliza ni nyumba gani kuku walianza kuumwa. Watu wakageuka kuangaliana. Mimi niliangalia miguu yangu. Nilikuwa na nafasi, daftari. Sikuitumia, na mama aliyekaa karibu nami akajibu kwamba walianza wa kwake yeye.

Alipoondoka, watu wakasema hayo ni mambo ya ofisini. Wao wanalijua la kwao. Balozi akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya sala, tutakaa tuzungumze habari ya Bi Somoe, kama anaweza kuendelea kuishi nasi. Aende wapi? Nyumba yake ya kule imeng'olewa mapaa kama zetu. Kaka aliyekuwa naye ndiye huyo aliyezikwa.

Na leo asubuhi, mvua ikiwa bado ya rasharasha, nikamwona anakuja. Amepita milango yote, wanawake wote wako barazani, na kwapani ana mtetea wake mmoja amemfunika kwa pembe ya kanga asilowe. Alisimama mbele ya mlango wangu. Nilikuwa na wajibu wa kumwamkia kwanza, mimi ndiye mdogo. Sikumwamkia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mama Zuhura, nimesikia mzazi hana supu. Huyu hajaanza kutaga, nyama yake laini."

Nilihisi macho ya mstari mzima mgongoni. Nikimpokea, nimewaambia wote kwamba simwogopi, na wataniuliza nimejuaje kwamba hana jambo. Mwanangu ndani ana njaa ya supu ile. Mikono yangu ilitaka kumchukua kuku yule, wallahi ilitaka.

Nikasema, "Ahsante, Bi Somoe. Mwanangu hali kuku kwa sasa."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimpangusa mtetea wake matone ya mvua, akasema taratibu, ili mimi tu nisikie:

"Mimi sadaka ya mumeo sikuiwahi, nilikuwa msibani. Roho iliniuma. Nikasema basi, na mimi nimletee mzazi."

Kisha akageuka, akapita milango ile ile yote.

Niliingia ndani nikakaa chini. Zuhura alikuwa amelala na mtoto kifuani, nikadhani amesinzia. Akauliza, bila kufumbua macho, "Mama, kwani mimi sili kuku?"

Nilimwambia. Yote, tangu mabawa yaliyoshuka mpaka nyuma ya choo. Sijui kwa nini nilianza na yeye, pengine kwa kuwa hawezi kuondoka mpaka arobaini zake ziishe. Sikuona hasira usoni mwake, niliona hofu, na ilikuwa hofu ya kuniangalia mimi. Halafu akasema niwaambie. Nikamuuliza, nikishawaambia, tutaishi wapi na kichanga? Watu hawa niliwafanya wamlilie marehemu kwa nyama ya kuku wagonjwa. Walioharibikiwa ni nyumba zote. Bi Somoe wanamwogopa tu. Mimi watanichukia, na watakuwa na haki. Zuhura alimgeuza mtoto upande wa pili.

Nimejaribu kutafuta njia ya katikati. Niseme ulikuwa ugonjwa bila kusema ulitoka wapi? Bwana mifugo ameshasema hivyo na hawakumsikiliza. Nimwambie balozi peke yake? Yeye ndiye aliyewachinja kwa mkono wake, atanyamaza kwa ajili yake mwenyewe. Kila nikizunguka, narudi kwenye uwanja ule ule, mimi nimesimama na bakuli.

Sasa hivi, nikiwa naandika, balozi amepita. Hakuingia, kuna mzazi, alisimama nje akabisha hodi kwa adabu. Amenisifu kwa kumrudisha Bi Somoe na kuku wake mbele za watu. Akasema kesho wangependa mimi nizungumze wa kwanza. Wazee wamekubaliana hivyo. Wengine watasemwa kwamba wana chuki, lakini mimi neno langu halina doa, mimi ni mtu niliyewatolea sadaka.

Nilimjibu inshallah. Akaridhika, akaenda zake akinyanyua kanzu kwenye tope, na Zuhura ndani amesikia, na bado hajaniita.