Gurudumu, Kanuni ya 6 na Dole Gumba la Mzee Saa

CHAMA CHA WAVUVI WA NDOANA WA MTONI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 63

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la Katibu; kuanzia KUMB. NA. 4 ni ukingoni mwa mto, karibu na daraja la waenda kwa miguu
Muda: Saa 3:20 asubuhi (kilitangazwa saa 3:00, anayejijua anajijua)

WALIOHUDHURIA
1. Mwalimu Mstaafu – Mwenyekiti
2. Fundi Cherehani – Katibu, na ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Muuza Vipuri – Mtunza Vifaa, shemeji wa Mwenyekiti
4. Muuguzi – Mjumbe
5. Mzee Saa, fundi wa saa – Mtunza Gurudumu

WENYE UDHURU
Mwoka Mikate (alituma mikate miwili, ilipokelewa)

WASIOTOA TAARIFA
Mpaka Rangi (alipatikana, tazama KUMB. NA. 4)

KUMB. NA. 1/63: KUFUNGUA KIKAO

Kama ilivyo desturi, gurudumu la chama lilizungushwa mezani na wajumbe wakakaa kimya mpaka liliposimama. Kwa faida ya mwanachama mgeni atakayesoma daftari hili: gurudumu hili ni la kuvulia. Ukubwa wake ni wa kisahani cha chai, linazunguka kwenye ekseli moja, halina meno, halina kitufe, halina breki. Linafungwa kwenye ufito na mshipi unaviringishwa humo. Mto wenyewe ndio unaovuta chelezo, kile kiboya kinachoelea juu ya maji, chelezo kinavuta mshipi, mshipi unazungusha gurudumu. Breki ni dole gumba la mvuvi, basi. Chama kina gurudumu moja tu, na wanachama wanalitumia kwa zamu.

Safari hii lilizunguka sekunde 71. Mzee Saa, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alisema "Limesimama" kabla Mwenyekiti hajabonyeza saa yake, akaongeza kwamba kuna chembe ya mchanga upande wa ndani. Muuza Vipuri, ambaye zamu ya wiki iliyopita ilikuwa yake, alisema hakuna mchanga wowote. Gurudumu lilifunguliwa, mchanga ukakutwa. Muuguzi alikohoa.

KUMB. NA. 2/63: YATOKANAYO NA KIKAO CHA 62 (SUALA LA GRISI)

Katibu alikumbusha kwamba Muuza Vipuri aliagizwa kuomba radhi kwa kutia grisi ya malori kwenye ekseli ya gurudumu, hata likawa linazunguka sekunde 19 na kuchoka. Muuza Vipuri alieleza kwamba grisi ile imebeba mizigo miaka na miaka na haijawahi kulalamikiwa. Mzee Saa alijibu kwamba lori lina injini, gurudumu lina maji tu, na maji yenyewe siku nyingine hayana haraka.

Mwenyekiti alimwomba shemeji yake asiwapotezee watu muda. Muuza Vipuri alisema, "Haya, samahani. Lakini grisi ilikuwa nzuri." Katibu aliuliza kama nusu ya pili nayo iandikwe. Iliamuliwa iandikwe.

Iliazimiwa: ekseli itiwe tone moja tu la mafuta ya saa, kwa ncha ya sindano. Sindano atatoa Katibu.

KUMB. NA. 3/63: BARUA YA MZEE SAA

Mwenyekiti alisoma barua ya Mzee Saa, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kama za tangazo la ukutani. Inanukuliwa yote:

"Mwenyekiti, salamu. Tangu mwaka jana siwezi kukiona chelezo kikishapita hatua kumi. Nilinyamaza kwa aibu. Samaki kumi na mmoja walioandikwa kwa jina langu tangu hapo niliwapata kinyume cha Kanuni ya 6. Naomba wafutwe. Gurudumu liko mezani. Naomba na jina langu liondolewe. Mke wangu nimeshamwambia sitavua tena. Miaka kumi na tisa nimekaa nanyi kwa raha sana. Asanteni."

Mwenyekiti aliikunja barua na kufungua ukurasa wa Kanuni.

Kanuni ya 6 inasema: "Mwanachama akiwa mtoni atakitazama chelezo chake muda wote kinapoelea; samaki atakayepatikana kinyume cha hapo hataandikwa kwenye Daftari la Samaki." Iliandikwa na Mwenyekiti mwenyewe, mwaka ule Muuza Vipuri alipogeuka kuitikia salamu, chelezo chake kikaenda kujifunga kwenye mshipi wa Katibu, na kufungua fundo kukachukua saa mbili. Katibu alishasamehe.

Muuguzi aliuliza kama Mzee ameonwa na daktari wa macho. Mzee Saa alisema ameonwa mara tatu, na daktari ni kijana mzuri, ila uwezo wa kuona uliobaki ndio huo. Saa za ukutani bado anatengeneza, kwa sababu saa ya ukutani haikimbii kwenda mbali.

Muuza Vipuri alisema kanuni itazamwe upya, jamani, huyu ni Mzee wetu. Mwenyekiti alijibu kwamba amekaa na kanuni darasani miaka thelathini na mbili, na kanuni inayolegezwa kwa tunayempenda itabidi ilegezwe na kwa tusiyempenda. Alisema hayo akiwa anafuta miwani. Katibu anaomba iandikwe, na kwa kuwa ndiye anayeandika imeandikwa, kwamba roho ilimuuma Mwenyekiti.

Mwenyekiti alipokea barua na kulikata jina la Mzee Saa kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. Kufutwa kwa samaki kuliahirishwa hadi mwisho wa kikao kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Kuhusu nani atalirithi gurudumu, Mzee Saa alipendekeza Katibu. Alisema, "Huyu binti kutwa anazuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Mkono wake unajua." Muuza Vipuri alijipendekeza mwenyewe kwa hoja kwamba alijiunga mapema. Katibu amelitamani gurudumu hilo miaka minne na kila mjumbe analijua jambo hili. Hata hivyo alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliwashangaza wengi.

Iliazimiwa wagombea wapimwe mtoni, sasa hivi, na Mzee Saa awe msahihishaji wao wa mwisho.

KUMB. NA. 4/63: MAJARIBIO MTONI

Kikao kiliendelea ukingoni saa 4:35. Mpaka Rangi alikutwa hapo, hatua hamsini upande yanakoelekea maji, akivua. Alisema alidhani kikao ni wiki ijayo. Aliombwa abaki pale pale awe shahidi wa chelezo, na aweke chini ufito wake wa pili.

Muuza Vipuri alianza. Alilikandamiza gurudumu kwa dole kama anayezuia mlango usifunguliwe, chelezo kikasimama palepale kikitikisa kichwa. Alipoambiwa alegeze, alilegeza lote. Gurudumu likakimbia kuliko maji, mshipi ukamwagika na kujisokota, na ilibidi Muuguzi aufungue kwa koleo dogo la kutolea miiba. Muuza Vipuri alisema ufito ni mbovu.

Katibu alifuata. Chelezo kilienda taratibu, nyuma kidogo ya maji kama inavyotakiwa, ili chambo kitangulie. Mzee Saa wakati huo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameupa mto mgongo, mkate mkononi. Alisema, "Dole juu kidogo, binti, unalikaba." Katibu alilegeza. "Sasa linataka kukutoroka. Liguse." Katibu aliligusa. "Hapo hapo."

Muuguzi alimuuliza, "Mzee wangu, unaona kwa kisogo?"

Mzee Saa alijibu kwamba gurudumu linasema. Likikabwa linanung'unika, likiachiwa sana linapiga mluzi, likienda sawa linahema tu.

Muuguzi hakuridhika. Alisema yeye wagonjwa wake huwauliza mpaka mwisho. "Na wale samaki kumi na mmoja? Hukukiona chelezo. Uliwapataje?"

Mzee Saa alieleza, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, kwamba aliwapata kwa dole. Dole likiwa limeugusa tu ukingo wa gurudumu, samaki akionja chambo gurudumu linasita, kama mtu aliyeitwa jina lake njiani. Likisita anabana, ananyanyua ufito. Alisema anajua huo si utaratibu wa chama na haombi kutetewa.

Muuguzi alimtaka avue mara moja ili wajumbe waone. Mzee Saa alikataa katakata. Alisema Kanuni ya 6 ipo, na hawezi kuivunja mbele ya aliyeiandika.

Hapo Katibu aliomba kutoa hoja. Alisema Kanuni ya 6 inamfunga "mwanachama". Mzee Saa jina lake limekatwa saa 4:05, kalamu nyekundu, wajumbe wote wakishuhudia. Kwa hiyo kwa sasa si mwanachama, na kanuni za chama hazimhusu hata kidogo.

Mwenyekiti alizisoma Kanuni kuanzia ukurasa wa kwanza, dakika nzima na zaidi. Kisha alitamka kwamba hoja hiyo ni ya kihuni lakini haina kosa.

Katibu alimkabidhi Mzee Saa ufito. Mzee alitia tone la mafuta kwenye ekseli, akapapasa mshipi mpaka ndoanani, akatupa. Gurudumu likaanza kuhema. Mwenyekiti alisimama pembeni yake, miwani puani, hakubandua macho kwenye ncha nyekundu ya chelezo. Chelezo kilipita hatua kumi, ishirini, arobaini. Mzee Saa alikuwa amefumba macho. Muuguzi alinong'ona kwamba mzee anasinzia.

Ghafla Mzee alibana na kunyanyua.

Mwenyekiti alipaza sauti, "Mzee, vipi? Kiko juu! Nakiona, kiko juu!"

Ufito ulikuwa umeshapinda. Mpaka Rangi alipiga kelele kutoka kule chini, "Hakijazama! Kimeinama tu kidogo! Kabana kabla hakijazama!"

Samaki alivuta mshipi mara nne, na mara nne Mzee Saa alimwachia na kumrudisha kwa dole hilo hilo, bila papara, akiongea naye polepole maneno ambayo Katibu hakuyapata. Mwenyekiti alijisahau akamshika Mzee mkanda wa suruali asiingie mtoni. Muuza Vipuri alizama hadi magotini na viatu vyake vya kazini, akamtoa samaki kwa wavu. Alikuwa kambare. Alipimwa kwa futikamba ya Katibu: sentimita 64, sharubu hazikuhesabiwa. Wajumbe walishangilia hata watu wa darajani wakasimama kutazama. Mzee Saa alikaa tena juu ya ndoo, akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

KUMB. NA. 5/63: MAAZIMIO

5.1 Mwenyekiti alitoa hoja mwenyewe. Alisema yeye alikitazama chelezo muda wote, kama Kanuni inavyotaka, kwa macho mazima na miwani mipya, na hakuona kitu. Alitoa kalamu nyekundu ile ile na kurekebisha Kanuni ya 6 isomeke: "atakitazama chelezo chake, au atakisikia kwa dole, muda wote kinapoelea." Ilipita bila kupingwa. Alimwambia Mzee Saa, mbele ya wajumbe, "Nisamehe. Niliandika kanuni ya macho yangu mwenyewe."

5.2 Samaki kumi na mmoja wabaki kwenye Daftari kama walivyo.

5.3 Kwa kuwa jina likishakatwa halirudi, Mzee Saa aingizwe kama mwanachama mpya. Alipendekezwa na Muuza Vipuri, akaungwa mkono na Katibu. Ilibainika kwamba mwanachama mpya ndiye hubeba chupa ya chai mwaka mzima. Mzee Saa alikubali, akasema alikuwa ameikumbuka.

5.4 Kuhusu samaki wa leo, Mwenyekiti alishikilia kwamba aliyempata hakuwa mwanachama wakati huo. Kulikuwa na kelele. Aliandikwa kwenye ukurasa wa Wageni, na ndiye mkubwa kuliko wote mwaka huu. Wanachama wanahimizwa kujitahidi.

5.5 Gurudumu libaki kwa Mzee Saa. Katibu awe msaidizi wake, akafundishwe kila Jumanne alasiri, macho yakiwa yamefungwa kitambaa. Kitambaa anacho. Katibu aliliacha gurudumu alilolitamani miaka minne na hakuona uchungu wowote, hata yeye alijishangaa.

5.6 Kambare aende nyumbani kwa Mzee Saa, akabidhiwe mkewe kwa mikono ya Mwenyekiti mwenyewe, ili aeleze kwa nini mume aliyeacha kuvua asubuhi anarudi na samaki mchana.

KUMB. NA. 6/63: KUFUNGA KIKAO

Gurudumu lilizungushwa juu ya ndoo. Sekunde 96. Wajumbe wote walifumba macho bila kuagizwa, na hakuna aliyeinuka mpaka Mzee Saa aliposema, "Limesimama." Ilikuwa saa 6:50 mchana.

Mwanachama mpya hutakiwa kusaini. Katibu alijitolea kumwongozea Mzee kalamu mpaka kwenye mstari. Mzee Saa alisema kuandika anajua vizuri sana, ila leo anaomba kuweka dole, kwa sababu ndilo lililofanya kazi. Alama iko hapa chini. Ina mafuta ya saa na ute wa kambare, na Katibu ameagizwa asiifute.

.................................
Mwalimu Mstaafu
MWENYEKITI

.................................
Fundi Cherehani
KATIBU

(dole)
Mzee Saa
MWANACHAMA MPYA