Nimetoboa tangi nikijaribu bunduki ya kunguru

Mwenzangu, uko peke yako? Usisome hii kwa sauti.

Leo nimekwenda kununua ile bunduki ya upepo, maana kunguru wameniachia kifaranga mmoja tu. Muuzaji akaniwekea tatu mezani. Ile mpya ya gesi ni nyepesi na haina kelele, lakini gesi ikiisha nitaijaza wapi mimi? Ya kupampu inataka mikono ya kijana. Ya kukunja mtutu ni nzito, ila haidai kitu. "Kaijaribu uani, mama," akasema, akanitegea kopo ukutani.

Unanijua, sianzi jambo bila kuomba. Nikafumba macho niombe. Kidole kikaitangulia amina!

Nimetoboa tangi lake la maji. Tangi, mwenzangu! Muuzaji anaziba tundu kwa kidole, maji yanaruka kila upande, huku anapiga kelele. Na nani alikuwa anaingia uani wakati huo? Mchungaji wetu. Kalowa kichwa mpaka viatu.

"Mama kiongozi wa maombi," akasema, "ni wewe?"

Nikajua uongozi umekwisha. Nikajificha nyuma ya bunduki, kana kwamba bunduki inaficha mtu.

Akajipangusa uso, akasogea, akaninong'oneza: "Kunguru wananichafulia paa la kanisa. Kati ya hizo, ipi nzuri?"

Ipi nzuri! Nikamwambia ya gesi itamsumbua, achukue ya kukunja kama yangu.

Ametoka na yake ndani ya koti lililolowa, mimi yangu ndani ya kitenge. Kesho kwenye maombi kaa mbali nami, usinichekeshe.