Mashine Haiendi Tunduru

Bombambili,
Songea.
Jumanne, 12 Machi 2024.

Mpendwa Shangazi Honorata,

Shikamoo. Habari za Mbeya na baridi yake? Goti lako vipi, bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Sisi huku tu wazima. Mvua imetunyeshea vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kubeba. Mjukuu wako Shukuru ameota jino la nne na anamng'ata kila anayembeba, mimi wa kwanza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ukinisikia kwenye simu utanihurumia, na leo sitaki huruma. Jirani yangu Sabra anasafiri kesho kuja huko, nimempa akuletee mkononi.

Baba mdogo Romanus ameniambia mmekubaliana kwamba Jumamosi aje aichukue kompyuta uliyonipa, aipeleke Tunduru kwa Aidan, kwa kuwa Aidan amesoma na mimi nimeishia kidato cha pili. Shangazi, niwie radhi. Ni wewe uliyenipa, na ni wewe uliyenifundisha kuweka vidole kwenye kibodi. Lakini siitoi.

Ni kweli ilikuwa inazima, sikufichi. Nilikuwa nachapa mtihani wa mwalimu Nasrin, kibodi ikagoma, mausi ikaganda, kioo kikawa bluu, kisha giza. Ukiiwasha inawaka kama haikufanya kitu. Ikawa kila siku hivyo, mpaka wateja wakaanza kubeba karatasi zao kwenda kuchapiwa mtaa wa Msamala. Fundi wa mjini aliitazama dakika mbili akasema, "Mama, bodi imekwisha hii, tafuta nyingine." Baba mdogo akadakia, "Si nilisema? Mashine ya watu waliosoma hiyo, siyo jiko la mkaa."

Nililia, halafu nikaacha. Unakumbuka Shukuru alivyotoka vipele mwili mzima? Nesi wa kliniki hakukimbilia dawa. Aliniuliza mtoto anakula nini, akaniambia nimwachie ziwa tu, kisha nirudishe vyakula kimoja kimoja. Ndiyo tukajua ni karanga za kwenye uji. Nikajiuliza, na hii mashine nayo inalishwa nini?

Nikainama chini ya meza. Kile kidude cha matundu manne nilichokichomeka kwenye USB kilikuwa kimejaa waya za simu za watu. Hapa kwangu mtu anakusalimia simu ikiwa mkononi: "Mama Shukuru, nichomekee kidogo, imebaki asilimia mbili." Na wengi ni bodaboda wa kijiweni. Utamkatalia vipi mtu aliyekukimbiza hospitali ukiwa na uchungu? Nilikuwa nachomeka tu.

Basi nikachomoa vyote, nikabakiza kibodi na mausi. Asubuhi nzima haikuzima. Nikarudisha skana, ikatulia. Nikaweka simu moja, ikavumilia. Simu ya pili, mausi ikaanza kusitasita. Kilichofuata ni ile redio ya kuchaji ya baba mdogo Romanus, anayoniletea kila asubuhi. Kioo kikawa bluu palepale.

Nikarudia tena mbele ya mwalimu Nasrin nisije nikaitwa mwongo. Yeye akanisomea maneno ya Kiingereza yanayotokea pembeni ya kioo, ambayo mimi siku zote nilikuwa nayafunga ili niendelee na kazi. Kumbe yalikuwa yanasema kitu kilichochomekwa kinavuta umeme mwingi kuliko uwezo wa tundu. Hilo la kutouliza ni kosa langu, nalikubali. La bodi kufa silikubali.

Baba mdogo nilimweleza kwa adabu zote. Akaniuliza, "Kwa hiyo redio yangu ndiyo mchawi?"

Nikamjibu, "Siyo mchawi, baba mdogo. Ni mlafi tu."

Tangu hapo salamu zake ni za kukatakata, na nadhani ndipo alipokupigia wewe.

Sasa nimeweka ekstensheni ukutani, na chini yake kikapu. Simu zote zinachajiwa huko. Kwenye mashine hakichomekwi kitu bila mimi kukubali, hata mwenyewe awe padri. Hii ni wiki ya pili haijazima, na wale wa Msamala wameanza kurudi mmoja mmoja. Aidan ni ndugu yangu na ninampenda. Akipata yake, aje nimwonyeshe namna ya kuilisha.

Barua hii nimeichapa kwenye mashine hiyohiyo mliyoambiwa imekufa, Shukuru akiwa mgongoni. Ihesabu mistari yake, Shangazi, kisha umpigie baba mdogo kabla ya Jumamosi. Hata usipompigia, aje tu. Atakuta chai, atanikuta mimi nimekaa mbele ya mashine yangu, na redio yake ataichomeka ukutani kama wengine.

Nisalimie mjomba Baltazar, na dada Fausta na wanawe wote. Baba Shukuru anakusalimu sana. Mungu akuondolee maumivu ya goti, upande basi uje umwone mjukuu wako kabla meno hayajamjaa.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata ninapokukatalia,

Violeth
(Mama Shukuru)