Kidole Kilichoruka Bila Mimi

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu

Hospitali tena, mara ya sita. Kiti kilekile. Daktari mugeni akaweka sumaku juu ya kichwa changu, upande wa kushoto. Tak. Kidole gumba cha kuume kikaruka. Si mimi niliyekirusha. Mukono huo umekufa, na kinywa kinakosea maneno, tangu Noeli, damu ilipoziba mushipa wa kichwani. Kidole njo kipimo chao cha nguvu ya sumaku. Kisha wanasogeza sumaku kando, fasi ya maneno, pale ubongo unapoyatengeneza, wanapiga mara nyingi. Kichwa kinauma.

Naandika na mukono wa kushoto, kama mutoto wa darasa la kwanza. Kwa kalamu maneno yanakuja, kwa kinywa hapana.

Alhamisi, 6

Picha. Nilionyeshwa samaki, nikasema "kiti". Nilijua ni samaki! Miaka hamsini na mbili nakula samaki wa ziwa hili. Hasira tupu.

Jumatano, 12

Daktari amefurahi. Leo nguvu ndogo kuliko ya wiki iliyopita ilitosha kurusha kidole. "Ubongo unaanza kusikia, Mama." Mume wangu, Papa Justin, akatangaza njia nzima, kwa kila jirani. Niliona haya. Lakini niliamini.

Jumanne, 18

Direktere wa shule alikuja nyumbani. Darasa langu la tano haliwezi kungoja zaidi. Ijumaa nifundishe saa moja, aone. "Ikikataa, Mama Mwalimu, darasa tutamupa mwingine, utatusamehe." Nikaitika kwa kichwa.

Ninaogopa.

Ijumaa, 21

Watoto arobaini na wanane. Dikte ya mistari mitatu, niisome wao waandike; naijua kwa moyo. Kinywa kikatoa maneno mengine kabisa. Nilisikia mwenyewe kwamba ni mabaya. Nikarudia. Yakazidi kuharibika. Hakuna mutoto aliyecheka. Afadhali wangecheka. Direktere akanishika kiwiko, akanitoa polepole. Papa Justin alikuwa mulangoni. "Twende, mama," basi. Nilitamani kufa.

Jumatatu, 24

Mwisho. Kesho mashine ya sumaku inapelekwa Lubumbashi. Kidole kiliruka vizuri kuliko siku zote. Daktari hakuficha: kidole ni kidole, maneno yana fasi yao, pengine yatachelewa, pengine hayatarudi. Nilimushika mukono.

Mchana Mama Béa, aliyepewa darasa langu, alileta madaftari ya dikte. Akaomba nimusaidie kusahihisha. Nikakaa barazani na kalamu nyekundu. Makosa yote niliyaona. Hata lile la Feza, mutoto wa darasa langu, herufi moja tu. Nikaiwekea mustari.

Mvua imeanza. Nimeingiza kiti ndani. Yamebaki madaftari kumi.