Baba Yako Atafunua Kurasa

Nyumba ya Kona,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Chiriku wangu,

U hali gani, mwanangu? Unakula, au bado unashiba muziki? Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu, lililoamua kuzeeka kabla yangu.

Gauni lako la onyesho limekwisha. Nimelilegeza kwapani ili upinde wa fidla uende utakako. Baba yako atakuletea.

Sasa la baba yako mwenyewe. Aliniapisha nisikwambie, lakini mficha maradhi kilio kitamfichua, nami sitaki uyajue haya ukiwa jukwaani. Vidole vya mkono wake wa kulia vimekaza, na daktari anasema havitarudi kama zamani.

Ule wimbo mlioahidiana tangu utotoni, yeye kwenye piano na wewe kwenye fidla, anaufanyia mazoezi tangu ulipoandika kwamba ndio utakaoupiga kwenye onyesho la kuhitimu. Ukurasa wa kwanza anauweza. Fidla inapoanza kukimbia, mkono unabaki nyuma. Aliyesema haraka haraka haina baraka, nadhani alikuwa akiifuata fidla kwa piano. Juzi alifunga kifuniko, akaniambia, "Dada, nitamharibia mtoto." Nililia, sikufichi.

Najua unachowaza: ubadilishe, upige kitu cha polepole. Usithubutu. Hicho ndicho alichokiogopa hata akanyamaza. Amemwandikia mwalimu wako, kwa kuwa ndiye anayekupigia piano mazoezini, akupigie na siku yenyewe. Yeye mwenyewe ameomba kazi moja tu: kukaa kando na kumfunulia mwalimu kurasa. Mtu aliyefundisha piano nusu ya mtaa huu sasa anashinda akijifunza kufunua karatasi bila kelele. Mbili ameshazichana.

Kwa hiyo, mwanangu, usimpunguzie mwendo kwa huruma. Kimbia na wimbo wote. Ila kabla ya kuanza, usimtazame mwalimu. Mtazame baba yako, akuitikie kwa kichwa kama alivyokuwa akifanya hapa sebuleni, ndipo uinue upinde.

Bibi yako anakusalimu sana, na mjomba wako fundi saa anauliza kama bado unachelewa kila mahali. Mola akulinde, akutunzie na hivyo vidole.

Shangazi yako akupendaye daima,
Mama Sindano